Kupima joto la mwili ili kujua yai la mwanamke limeshatoka

Kipimajoto cha kawaida cha homa hakitoshi. Kwenye duka la dawa, Kampala au Mbale, ulizia cha dijitali kinachoonyesha desimali mbili, mfano 36.42. Kiweke kando ya mto wa kulalia pamoja na daftari lako. Ukiamka tu, kabla ya kuketi, kuongea au kunywa maji, kiweke chini ya ulimi, ufunge mdomo mpaka kilie. Pima saa ileile kila siku, baada ya kulala angalau saa tatu mfululizo.

Yai likishatoka, homoni ya projesteroni hupandisha joto kwa nyuzi 0.2 hadi 0.5. Tafuta siku tatu mfululizo zilizozidi zote sita zilizotangulia, walau kwa 0.2. Siku moja ya juu haina maana: huenda ni malaria inaanza, waragi (pombe kali) wa jana, au mtoto aliyekuamsha usiku. Iwekee alama, usiihesabu.

Anayetafuta mimba asingoje joto lipande, maana yai huishi saa 24 tu. Aangalie ute ukeni: ukivutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, ndio wakati wenyewe.