Namna ya Kumfundisha Kijana Kompyuta Shuleni Hadi Aweze Kujitegemea

Mwalimu anayekabidhiwa chumba cha kompyuta kwa mara ya kwanza huingia na dhana moja inayompotosha tangu siku ya kwanza, nayo ni kwamba vijana walioketi mbele yake wanaifahamu teknolojia kuliko yeye. Dhana hiyo ilipata nguvu mwaka 2001, pale mwandishi wa Marekani, Marc Prensky, alipowaita vijana waliokulia katikati ya kompyuta na michezo ya video wenyeji wa ulimwengu wa kidijitali, na watu wazima akawaita wahamiaji. Jina lilipendeza likaenea, lakini vipimo vilivyofuata havikuliunga mkono. Katika ICILS ya mwaka 2018, utafiti wa kimataifa wa ujuzi wa kutumia kompyuta na habari, uliowapima wanafunzi walio katika mwaka wa 8 wa masomo, ni asilimia 2 tu waliofika ngazi ya juu kabisa, ile inayomtaka mwanafunzi aweze kuzipima kwa makini habari anazozikuta mtandaoni. Watafiti walieleza pia kwamba kumpa kijana kifaa peke yake hakutoshi kumjengea ujuzi wa hali ya juu.

Mimi nilizinduka siku nilipomwomba mwanafunzi wa miaka 15, hodari wa kuhariri video kwa simu, anionyeshe insha aliyoiandika wiki iliyotangulia. Alifungua programu ya kuandikia, akapitisha macho kwenye orodha ya faili zilizotumika karibuni, na alipoikosa insha yake akanigeukia kwa masikitiko: "Mwalimu, imefutika." Haikuwa imefutika. Ilikuwa imetulia ndani ya folda ya vitu vilivyopakuliwa, ikiwa na jina "Hati mpya (3)", na ilikosekana kwenye orodha ile kwa sababu tu wenzake walikuwa wamefungua faili nyingine nyingi baada yake. Kijana huyu hakuwa mzembe wala mvivu wa kufikiri. Hakuna aliyewahi kumweleza kwamba kazi yake ina mahali inapokaa.

Kwa hiyo, kabla ya kufundisha chochote, wapime. Tenga dakika 20 za kipindi cha kwanza na umpe kila mwanafunzi kazi hii bila kumsaidia: atengeneze folda yenye jina lake, aandike sentensi tatu, azihifadhi ndani ya folda hiyo, aizime kompyuta kwa utaratibu unaotakiwa, aiwashe tena, aitafute faili yake, aibadilishe jina, kisha ainakili kwenye flashi. Usitoe alama. Tembea nyuma yao ukiwa na daftari na uandike kila mmoja amekwama wapi, kwa maana daftari hilo ndilo litakalokuwa mpango wako wa kazi kwa wiki zinazofuata. Utashangaa kuona wanaoandika kwa kasi wakishindwa kuipata faili, na wale wanaojiita wasiojua kitu wakimaliza taratibu bila kosa.

Anzia kwenye faili na folda

Ningependa mwalimu akae hapa muda mrefu kuliko anavyodhani panahitaji. Simu imewalea vijana katika mpangilio ambao picha hujipanga zenyewe kwenye programu ya picha, nyimbo kwenye programu ya nyimbo, na mtumiaji hana sababu ya kuuliza kitu kimehifadhiwa wapi. Kwenye kompyuta swali hilo halikwepeki, na kila kazi ya baadaye, iwe lahajedwali (programu ya kupanga na kukokotoa namba kwenye safu na mistari), uhariri wa picha au uandishi wa programu, hutegemea jibu lake.

Chora mti ubaoni: juu kabisa diski, chini yake folda ya nyaraka, ndani yake folda za masomo, na ndani ya kila somo folda za muhula. Kisha mtake kila mwanafunzi aitamke njia ya faili yake kwa sauti kabla ya kuigusa: "Nyaraka, ndani yake Sayansi, ndani yake Muhula wa Pili, halafu ripoti ya mbegu." Zoezi la kuitamka njia huonekana la kitoto, lakini ndilo lililowanufaisha wanafunzi wangu kuliko maelezo yote niliyowahi kuyatoa, kwa sababu mwenye kuitaja njia ameshaiona akilini.

Majina ya faili nayo yana elimu yake. Wafundishe kuanza na tarehe kwa mtindo wa mwaka, mwezi na siku, kwa mfano 2025-03-14-ripoti-ya-mbegu, kwa kuwa kompyuta hupanga majina kwa kufuata herufi na tarakimu kutoka kushoto, hivyo faili zilizoandikwa namna hiyo hujipanga zenyewe kwa mfuatano wa siku. Waambie pia kwamba alama kama mkwaju (/), nukta pacha (:) na alama ya kuuliza (?) hazikubaliki katika majina ya faili kwenye Windows, na waziandike wenyewe waione kompyuta ikikataa.

Wakishazoea, cheza nao mchezo wa kutafuta. Wakiwa nje ya chumba, hamisha faili moja ya kila kompyuta, ibadilishe jina, kisha waite warudi waitafute. Wanaruhusiwa kutumia kisanduku cha kutafutia, lakini ni lazima waeleze wametafuta kwa kigezo gani: neno lililo ndani ya hati, tarehe ya kuhaririwa au aina ya faili. Hapo ndipo wanapogundua kwamba jina ni sifa moja tu kati ya nyingi za faili.

Jambo la mwisho katika sehemu hii ni nakala za akiba. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni nyepesi kukumbukwa: nakala tatu za kazi, kwenye vifaa vya aina mbili tofauti, na moja kati yake ikae mbali na jengo lilimo kompyuta. Shuleni hiyo inaweza kumaanisha kompyuta yenyewe, flashi, na hifadhi ya mtandaoni. Mwanafunzi aliyewahi kupoteza kazi ya wiki tatu haelezwi mara mbili, lakini si haki kumsubiri aipoteze kwanza.

Wawili kwa kompyuta moja, na mkono wa mwalimu ukae mbali

Shule nyingi hazina kompyuta ya kila mwanafunzi, na upungufu huo hautakiwi kuwa kisingizio. Wawili kwa kompyuta moja ni mpangilio mzuri, pengine bora kuliko mmoja peke yake, mradi kila mmoja awe na kazi yake. Mmoja hushika kipanya na kibodi. Mwingine husoma maelekezo, hutazama skrini na kusema kinachofuata, wala haruhusiwi kugusa. Kila baada ya dakika 10 wanabadilishana, na muda huo upimwe kwa saa, usiachwe kwa makubaliano yao, kwa sababu mwepesi humzidi nguvu mpole bila hata kukusudia. Katika vipindi vyangu niliona wasichana wakiachiwa kuandika kwenye daftari huku wavulana wakishika kipanya kipindi kizima, na haikubadilika mpaka nilipoanza kuifuata saa bila huruma. Wakiwa wanne au watano kwenye kompyuta moja, wawili tu ndio wanaojifunza, hivyo ni afadhali uligawe darasa, nusu wafanye kazi ya karatasi na nusu wakae kwenye kompyuta, kisha wapokezane.

Kwa upande wako, jizuie kukichukua kipanya mkononi mwa mwanafunzi. Najua ugumu wake: wanafunzi 30 wanaita, muda unakwisha, na wewe unajua kwamba mibofyo miwili inatosha kumwondoa pale alipokwama. Ukimfanyia, ataona skrini ikibadilika haraka na atabaki pale pale alipokuwa. Weka mikono yako nyuma na uulize, "Skrini inakuambia nini?" Mara nyingi kuna kisanduku cha ujumbe ambacho amekifunga bila kukisoma. Mtake asome kila ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, na kama umeandikwa kwa lugha asiyoimudu, mfasiri pamoja. Kando ya kibodi awe na daftari la hitilafu, ambamo ataandika mambo matatu kila anapokwama: nilifanya nini, kompyuta ilisema nini, nilijaribu nini. Baada ya miezi miwili daftari hizo hutumika kama kitabu cha rejea kwa darasa zima.

Kuhusu kuchapa, dakika 10 mwanzoni mwa kila kipindi zinatosha. Mwonyeshe vinundu vidogo vilivyo kwenye vibonye vya F na J, ambavyo viliwekwa ili vidole vya shahada vipate makao yake bila kuangalia, na usimsukume kukimbia kabla hajaacha kukosea.

Kompyuta ndani ya masomo mengine

Ujuzi huu haukui ukifungiwa ndani ya kipindi cha kompyuta, na vilevile haukui kwa kuwaweka wanafunzi mbele ya skrini kutwa nzima. Ripoti ya mwaka 2015 ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo, iliyochambua matokeo ya mwaka 2012 ya PISA, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ilionyesha kwamba wanafunzi waliotumia kompyuta shuleni kwa kiasi walielekea kufanya vizuri kidogo kuliko waliozitumia kwa nadra, ilhali waliozitumia mara nyingi sana walifanya vibaya zaidi katika masomo mengi. Nchini Peru, ambako serikali iligawa mamia ya maelfu ya kompyuta ndogo kwa wanafunzi, tathmini haikuona nafuu katika hisabati wala lugha. Nayachukua matokeo hayo kama onyo kwa yeyote anayedhani kwamba sherehe ya kukabidhiwa vifaa ndiyo kazi yenyewe.

Kinachofaa ni kuileta kompyuta pale ambapo karatasi inachosha. Wanafunzi wa sayansi waliopima urefu wa mche kila siku kwa wiki tatu wana namba 21 mikononi, na huo ndio wakati wa kuwafundisha lahajedwali. Wazijaze namba kwenye safu moja, waandike fomula ya wastani, kisha uwaambie wabadilishe kipimo kimoja tu. Kabla ya kubonyeza kitufe, kila mmoja aandike kwenye karatasi anadhani wastani utapanda au utashuka, na kwa kiasi gani. Kubashiri kwanza na kutazama baadaye humfanya ashirikishe akili yake mwenyewe badala ya kuiachia mashine ihesabu huku yeye ametulia.

Kutafuta habari nako kunahitaji mafunzo ya makusudi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford waliripoti kwamba zaidi ya wanafunzi wanne kati ya watano wa shule za kati waliowapima walilichukua tangazo la biashara, lililoandikwa wazi kwamba limedhaminiwa, kuwa habari ya kweli. Baadaye, watafiti wa chuo hicho walipowatazama wahakiki wa habari wakiwa kazini, waliona kwamba wataalamu hawa hawakai kwenye ukurasa wakiuchunguza uzuri wake, bali huuacha mapema na kufungua vichupo vingine, yaani kurasa nyingine za kivinjari, ili kujua wengine wanasema nini juu ya mwandishi au taasisi hiyo. Tabia hiyo inafundishika. Wape kurasa mbili zinazopingana kuhusu jambo moja, na uwakataze kurudi kwenye kurasa hizo kwa dakika tano. Wanaloweza kufanya ni kutafuta habari za waliozichapisha. Programu za akili mnemba zitendewe vivyo hivyo: mwanafunzi aandike rasimu yake kwanza, aihifadhi na tarehe, ndipo aulize, kisha ahakiki kila dai alilojibiwa kabla ya kulitumia.

Nywila zifundishwe siku wanapofungua akaunti zao za kwanza, wala zisicheleweshwe. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, uliotolewa mwaka 2017, uliupa urefu uzito kuliko mchanganyiko wa alama za ajabu, na ukaacha kuwalazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya muda. Maneno manne au matano yasiyohusiana hukumbukwa kwa urahisi na ni magumu kukisiwa. Kwenye kompyuta ya shule, linaloumiza zaidi ni kuondoka bila kutoka kwenye akaunti, kwa hiyo dakika mbili za mwisho za kila kipindi ziwe za kutoka, na mwenzake ahakikishe.

Kuandika programu kunaweza kuanza hata umeme ukiwa umekatika. Simama pembeni mwa chumba na uwatake wanafunzi wakuelekeze hadi mlangoni kwa amri fupi, nawe utii kila neno kama lilivyotamkwa: wakisema "nenda mbele" bila kutaja hatua, endelea mpaka ugonge ukuta. Wazo hilo la kumwongoza mwendaji kwa amri ndilo lililokuwa ndani ya lugha ya Logo, iliyobuniwa mwaka 1967 na mwanahisabati Seymour Papert na wenzake, ambamo mtoto humwamrisha kasa wa kwenye skrini achore maumbo. Scratch, lugha ya programu kwa watoto iliyotolewa mwaka 2007 na MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, ilirithi fikra hizo; haina malipo, ina toleo linalofanya kazi bila intaneti, na amri zake hupangwa kama matofali, hivyo mwanafunzi hakwami kwa sababu ya kukosea herufi moja. Waanze kwa kuchora mraba, kisha uwaulize wabadilishe nini ili wapate pembetatu yenye pande sawa. Wengi wataandika nyuzi 60, wataona mchoro ukipinda vibaya, na itawabidi wasimame watembee sakafuni ndipo wang'amue kwamba anayegeuka kwenye kona hugeuka nyuzi 120. Usiwahi kuwapa jibu hilo mapema.

Mwisho wa muhula, rudia lile zoezi la dakika 20 la siku ya kwanza bila kubadilisha chochote, ukiwa na daftari lile lile. Kisha mwite kila mwanafunzi amfundishe mmoja wa madarasa ya chini hatua zile zile, akiwa ameweka mikono yake nyuma.