Dar mpaka Iringa kwa hela ya bumu: jinsi ya kutembea ukiwa bado unasoma

Wanafunzi wengi wanadhani kusafiri ni mambo ya watu wenye kazi, ukimwambia twende sehemu anakujibu hela sina, na ukimwangalia hela ya kula chipsi mayai kila usiku anayo. Nauli ya basi nchi hii sio kitu cha kukumaliza. Kinachokumaliza ni pembeni ya nauli: boda ya usiku, gesti uliyochukua kwa haraka kwa sababu umefika umechoka, na chakula cha njiani. Ukivibana hivyo vitatu unaenda popote.

Nachukua Iringa kama mfano, kwa anayetoka Dar, maana ni safari ninayoipenda kuliko zote na naona watu wanaikimbilia Zanzibar tu.

Anza na nauli. LATRA, mamlaka ya serikali ya usafiri wa ardhini, ndio wanaopanga nauli za mabasi ya mikoani, kwa viwango walivyotangaza Desemba 2023 daraja la kawaida ilikuwa shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria mmoja, Dar Iringa ni kama kilomita 500, piga hesabu mwenyewe inakuja elfu 24 na kidogo. Bumu, yani hela ya mkopo wa chuo, la chakula na malazi likiwa elfu 10 kwa siku, hiyo ni kama siku mbili na nusu. Kabla hujaenda stendi angalia nauli ya sasa ya LATRA, uwe nayo kichwani, maana mpiga debe akikuona na begi la mgongoni anakutajia yake. Kata tiketi ofisini au kwenye simu, usimpe mtu hela ukiwa umesimama nje, hata akikubebea begi kwa upole vipi.

Wengine watakwambia panda SGR, treni ya umeme, mpaka Morogoro alaf unganisha basi. Treni ni nzuri sana, unakwepa foleni ya kutoka Dar na ilivyoanza Juni 2024 nauli ilikuwa elfu 13, ila stesheni ya Moro iko Kihonda na mabasi yako Msamvu, kwaiyo kuna hela nyingine ya kuhama, na basi la kawaida Dar Moro linakuja kama elfu 9 tu. Kama lengo ni kubana hela, panda basi la moja kwa moja stendi ya Mbezi Luis. Treni iache siku unayoenda Moro yenyewe au Dodoma.

Sasa sikiliza hii maana hapa ndio pana utamu. Kwenda panda basi la mchana, lile linaloondoka alfajiri kabisa, na udai siti ya dirishani. Barabara inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi kama kilomita 50 hivi, magari yanalazimika kupunguza mwendo, na asubuhi swala, twiga, nyani, pundamilia wanakuwa pale pale pembeni, siku yenye bahati unakuta na tembo. Hulipi kiingilio chochote umekaa kwenye siti yako! Kiingilio cha Mikumi chenyewe kwa Mwafrika Mashariki sio kikubwa, ila gari la kukuzungusha ndani ndio linaua, hilo labda mkodi kosta darasa zima mchange. Ukitoka Mikumi unaingia bonde la mibuyu, mto Ruaha unaambaa na barabara, alaf Ruaha Mbuyuni wanakopanga vitunguu, alaf mlima Kitonga, basi linapanda taratibu na wewe unatazama bonde lote chini. Yani hela ya nauli inakuwa imesharudi kabla hujafika.

Chakula beba. Chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, maji lita moja na nusu. Basi likisimama kwenye hoteli za njiani una dakika chache na bei imechangamka, shuka uende chooni tu.

Mabasi yanashushia Igumbilo, nje ya mji, na hapo boda watakuzunguka. Daladala za mjini zipo, tembea mpaka zilipo. Kulala, tafuta mtu anayesoma vyuo vya huko, Mkwawa au RUCU, mliyesoma naye Advansi, hakuna mwanafunzi asiyejua kubebana, ila mwambie mapema usimfanyie suprise, na ununue mchele au mafuta ya kupikia ukiingia, mgeni kuja mikono mitupu kwa mtu anayeishi kwa bumu sio ustaarabu. Kama huna mtu, gesti wawili kwa chumba, lipia usiku mmoja kwanza ndio uamue. Na sweta tafadhali, Juni na Julai Iringa baridi sio mchezo, ukilazimika kununua ukifika bajeti imekufa.

Cha kuona: Isimila. Iko kama kilomita 20 kutoka mjini njia ya Mbeya, unapanda gari zinazoelekea huko unashukia njia panda unatembea. Kuna nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua, na zana za mawe za watu wa kale sana zimelala pale chini, na zana hizo aliziona mwanafunzi kutoka Afrika Kusini mwaka 1951 akiwa safarini, mtu kama wewe tu. Siku ya pili nenda Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, yule chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, fuvu lake lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 liko pale, na ukimsikiliza mwongozaji vizuri utaelewa mambo ambayo darasani tulikariri tu. Kote huko toa kitambulisho cha chuo na uulize bei ya mwanafunzi KABLA hujatoa hela. Mkiwa watatu bajaji ya kuchangia inawatosha wote kwenda na kurudi, mkubaliane bei kabisa pamoja na muda wa kuwasubiri.

Kurudi panda basi la usiku. Tangu Oktoba 2023 mabasi yanatembea saa 24, na njia ulishaiona, kwaiyo unalala kwenye siti na unaokoa hela ya gesti usiku mmoja. Hela na simu ziwe mwilini, sio kwenye begi la juu. Hakikisha una keshi kidogo mkononi maana makato ya kutoa elfu tano tano kwa wakala yanakula hela taratibu bila wewe kuona. Ukifika Mbezi kabla hakujapambazuka usitoke nje kutafuta boda, kaa ndani ya stendi palipo na watu na mwanga mpaka daladala zianze.