Kuoanisha ujazo wa hipokampasi na alama za kumbukumbu

Juzi nilikesha na mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili hapa Kampala. Alikuwa na skani za MRI (picha za ubongo zinazopigwa kwa sumaku), alama za jaribio la kumbukumbu, na uwiano wa karibu sifuri kati ya alama hizo na ujazo wa hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Data zake hazikuwa na tatizo. Mistari ya majedwali yake mawili ndiyo iliyopishana: alama za mtu mmoja zilikaa kando ya ubongo wa mwingine.

1. Pitisha skani kwenye FreeSurfer (programu inayopima sehemu za ubongo), utoe jedwali la ujazo kwa amri yake ya asegstats2table. Skani moja hula saa kadhaa, basi hakikisha umeme haukatiki.

2. Unganisha majedwali. Hapa usiharakishe. Ukiwaita washiriki kwa `sub-*` (yaani wote ambao majina yao yanaanza na sub-), wanapangwa kama maneno: sub-1, sub-10, sub-11, ndipo sub-2. Jedwali la alama kwenye Excel limepangwa 1, 2, 3. Ukinakili safu ya ujazo na kuibandika kando ya alama, mshiriki wa pili anapewa ubongo wa mshiriki wa kumi, na kompyuta inakaa kimya. Ukisema uandike 001, Excel inakula sifuri inabaki 1. Kwa hiyo usibandike kamwe. Andika namba zote kama sub-001, kisha tumia R (programu ya takwimu), iunganishe kwa namba na kuhesabu mistari:

`yote <- merge(ubongo, tabia, by = "namba")`
`nrow(yote)`

Ulikuwa na watu 40 ukapata 37? Watafute hao watatu kabla ya kuendelea. Halafu chagua watu watano, fungua karatasi zao za jaribio, zile zilizojazwa kwa kalamu, ulinganishe alama moja moja. Kwa karatasi ya tatu tu tulishaona kosa.

3. Chora nukta kwanza, kila mtu nukta moja ya ujazo na alama. Mtu mmoja aliyekaa mbali na wenzake huvuta mstari mzima; ndiyo maana napenda uwiano wa Spearman, unaotumia nafasi za watu kwenye mpangilio, kuliko wa Pearson, unaotumia thamani zenyewe.

4. Kichwa kikubwa huja na hipokampasi kubwa, kwa hiyo ingiza kwenye hesabu ujazo wa ndani ya fuvu, umo kwenye jedwali lilelile. Ingiza pia umri na miaka ya shule: aliyeishia P.4 (darasa la nne) na aliyemaliza S.6 (kidato cha sita) hawaanzi sawa kwenye jaribio la kukumbuka orodha ya maneno. Kama wengine walipimwa kwa Luganda na wengine kwa Runyankole, ingiza na lugha.

`lm(kumbukumbu ~ hipokampasi + fuvu + umri + shule + lugha, data = yote)`

5. Chagua eneo la ubongo kabla ya kuona alama. Ukijaribu maeneo 50 kwa kigezo cha 0.05 (nafasi 5 katika 100 ya kuona uhusiano usiokuwepo), mawili au matatu hutokea kwa bahati tu.

6. Unapoandika, weka uwiano pamoja na masafa yake ya uhakika ya asilimia 95, yaani chini na juu unakoweza kuangukia. Kwa watu 40, uwiano wa 0.31 unaanzia karibu 0 hadi 0.57.