Jinsi ya kuomba CT ya ufuatiliaji kupitia SHA baada ya matibabu ya saratani ya mapafu

Mwongozo huu ni wa mgonjwa aliye Kenya, aliyemaliza upasuaji, mionzi au kemo kwa lengo la kupona. Ratiba ya kawaida ni CT (picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa eksirei na kompyuta) ya kifua kila miezi 6 kwa miaka 2 au 3 ya kwanza, kisha mara moja kwa mwaka. Waliotibiwa kwa mionzi mara nyingi huitwa mapema zaidi, kila miezi 3 hadi 6. Anza maombi wiki 4 kabla ya tarehe.

Bima. Piga *147# uone kama uanachama wako uko hai. SHA (Mamlaka ya Afya ya Jamii) ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024, na waliokuwa NHIF walitakiwa kujisajili upya. Kama wewe ni mtegemezi, hakikisha jina na namba ya kitambulisho zinalingana na zilizo kwenye mfumo; zisipolingana, ombi linaweza kukwama.

Fomu ya ombi la picha. Hapa ndipo mambo mengi huharibika. Fomu iliyoandikwa "CT kifua" tu haimsaidii anayetoa kibali cha SHA wala daktari atakayeisoma picha. Mwombe daktari wako aandike aina ya saratani na hatua yake, matibabu uliyopata na tarehe yalipoisha, upande wa pafu uliotibiwa, tarehe ya picha ya mwisho, na kwamba huu ni ufuatiliaji. Aandike pia kama umewahi kuugua kifua kikuu. Kovu la TB kwenye CT linaweza kufanana na uvimbe, na kwetu wenye makovu hayo ni wengi.

Kibali. Ombi hutumwa na hospitali kwenye mfumo wa SHA, si na mgonjwa. Ukipewa rufaa kupigwa picha kwingine, uliza ni hospitali ipi itakayotuma ombi, na kama ina mkataba na SHA. Usilipe taslimu ukitumaini kurudishiwa baadaye, kwani SHA hulipa hospitali. Usiondoke nyumbani kabla ya kuthibitishiwa kwamba kibali kimetoka.

Kabla ya picha. Kama utadungwa kontrasti (dawa inayofanya picha ionekane vizuri zaidi), utahitaji kipimo cha damu cha kreatinini cha hivi karibuni, kinachoonyesha jinsi figo zinavyofanya kazi. Bila majibu hayo huenda ukarudishwa siku hiyohiyo. Taja ugonjwa wa figo, mzio wowote uliowahi kuupata baada ya kontrasti, na metformin (dawa ya kisukari) kama unaitumia. Figo zikiwa dhaifu, daktari anaweza kukusimamishia dawa hiyo kwa saa 48.

Siku ya picha. Beba CD za picha zote za zamani, si ripoti pekee. Kivimbe cha milimita 6 hakielezi mengi chenyewe. Muhimu ni kama kilikuwepo miezi sita iliyopita na kilikuwa na ukubwa gani. Usiondoke bila CD mpya.

Usidai PET (picha inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari kwa wingi, kama saratani) kwa ufuatiliaji wa kawaida. Ni ghali, na uvimbe usio wa saratani unaoachwa na mionzi pafuni unaweza kung'aa kama saratani na kukupeleka kwenye biopsi (kutolewa kipande kidogo cha pafu kipimwe) isiyohitajika. PET ina nafasi yake CT inapoonyesha jambo la kutiliwa shaka.

Ukikohoa damu, ukipungua uzito bila sababu, au ukipata maumivu mapya ya mifupa au kichwa, usisubiri tarehe ya CT. Nenda kliniki ya saratani ukiwa na CD zako, daktari aandike ombi jipya lenye dalili hizo.