Jinsi ya Kutambua Filamu Rasmi na Zisizo Rasmi za James Bond

Anayetaka kutazama filamu za James Bond kwa mpangilio hukutana mapema na utata wa hesabu, kwa kuwa orodha moja humwambia ni 25 na nyingine humwambia ni 27. Zote mbili zina msingi. Filamu 25, kuanzia Dr. No ya 1962 hadi No Time to Die ya 2021, zilitengenezwa na kampuni ya Eon, iliyoanzishwa mwaka 1961 na Albert R. Broccoli na Harry Saltzman, na ndizo zinazoitwa rasmi. Mbili zilizobaki ni Casino Royale ya 1967 na Never Say Never Again ya 1983.

Hatua ya kwanza ni kusoma majina ya mwanzoni mwa filamu na kutafuta Eon au Broccoli. Usitegemee sura ya mwigizaji, kwani Sean Connery aliigiza filamu sita za Eon na ya saba, Never Say Never Again, akaifanyia watu wengine kabisa. Usitegemee pia nembo iliyo kwenye kasha la DVD, maana MGM, studio ya filamu ya Marekani, baadaye ilizipata hata hizo mbili zisizo rasmi.

Kisha tazama sekunde za mwanzo. Kwa miongo minne filamu za Eon zilifunguliwa na duara jeupe, Bond akionekana kupitia mtutu wa bunduki, akigeuka na kufyatua risasi huku damu ikitiririka kwenye skrini. Never Say Never Again haikuwa na ruhusa ya kutumia picha hiyo wala muziki wa utambulisho tuliouzoea. Badala yake skrini yake inajaa tarakimu 007, namba ya siri ya Bond. Kipimo hiki, hata hivyo, kina mipaka, kwa sababu baadhi ya filamu za Daniel Craig zimeisogeza picha ya mtutu hadi mwishoni.

Jina la filamu nalo linaweza kukupotosha, na hapa ndipo wengi hukwama. Casino Royale zipo tatu: mchezo wa televisheni wa Marekani wa 1954, ambamo Barry Nelson ni jasusi wa Kimarekani anayeitwa Jimmy, kichekesho cha 1967 chenye David Niven na Peter Sellers, na ile ya Craig ya 2006, ambayo ndiyo pekee iliyo rasmi. Haki za riwaya ya jina hilo, chanzo cha zote tatu, ziliuzwa kabla Eon haijazaliwa. Ile ya 1967, kwa maoni yangu, itazame ukiwa na subira, kwani waongozaji wake kadhaa ni kama hawakuwahi kukaa meza moja.

Suala gumu kuliko yote ni Thunderball. Ian Fleming, mwandishi wa riwaya za Bond, aliichapisha riwaya ya jina hilo mwaka 1961 akitumia hadithi aliyoiandaa pamoja na Kevin McClory na Jack Whittingham, bila kuwataja. McClory alimshtaki mjini London, na mwaka 1963 wakafikia maafikiano yaliyompa McClory haki za filamu. Ndiyo maana katika Thunderball ya 1965 utaliona jina lake kama mtayarishaji, na bado filamu hiyo ni rasmi kwa kuwa aliitengeneza kwa kushirikiana na Eon. Haki hizo hizo ndizo zilizozaa Never Say Never Again, ambayo ni hadithi ile ile ikisimuliwa upya. Ilitoka mwaka mmoja na Octopussy ya Roger Moore, hivyo ukiziweka pamoja 1983 itakuonyesha Bond wawili waliokuwa wakishindana.

Ukifuata mpangilio huu utaelewa pia kwa nini Blofeld, adui mkuu wa Bond ambaye McClory alidai haki zake, anatoweka katika filamu rasmi baada ya 1971. Mwaka 1981, mwanzoni mwa For Your Eyes Only, anatokea mtu mwenye upara na paka mweupe, akiwa katika kiti cha magurudumu, kisha anadondoshwa ndani ya bomba la moshi bila kutajwa jina hata mara moja. Mgogoro na warithi wa McClory ulimalizika mwaka 2013, na Blofeld akarudi kwa jina lake katika Spectre ya 2015.