Kabla ya kuandika programu, muweke mtu nyuma ya pazia

Unaweza kuijaribu programu kabla haijaandikwa: mtu aliyejificha anawajibu watumiaji kana kwamba yeye ndiye mashine. Mwaka 1983 John Gould na wenzake wa kampuni ya kompyuta ya IBM walichapisha jaribio la taipureta inayosikiliza. Mtu alisema, maneno yakatokea kwenye skrini. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kazi hiyo. Aliyesikia na kuchapa alikuwa mpiga chapa katika chumba kingine. Kilichonivutia zaidi ni kwamba walimfunga mikono: katika baadhi ya majaribio mashine iliruhusiwa maneno 1,000 tu, na neno la nje ya orodha lilitokea kama safu ya X.

Mimi sikufanya hivyo mara ya kwanza. Tulijaribu huduma ya kupanga miadi kwa meseji, nikawa mimi ndiye "mashine". Mtu akaandika, "Keshokutwa naweza, ila si asubuhi." Nikamwelewa, nikamjibu vizuri, akafurahi. Kazi ya siku mbili ikapotea, kwa sababu programu tuliyokusudia kujenga isingemwelewa hata kidogo.

Kwa hiyo anza na karatasi ya kanuni. Andika mashine inaelewa nini (siku na saa, basi) na itajibu nini isipoelewa. Majibu yote yawe tayari, ya kunakili na kubandika. Ukichapa papo hapo, utu wako utapenya. Chagua muda mmoja wa kusubiri kabla ya kila jibu, uushike. Mwenzako akae pembeni akiandika kila mahali ulipotamani kuvunja kanuni. Orodha hiyo ina thamani kuliko maoni ya watumiaji. Fanyeni mazoezi wenyewe kwanza, kisha waite watu watano, mmoja mmoja.

Sasa suala la siri, ambalo silifanyii mzaha. Mtu huiambia mashine mambo asiyomwambia mtu. Mweleze mapema kwamba hili ni jaribio na kwamba meseji zake zitasomwa na watu wa timu. Unachoficha ni kimoja tu: nani anajibu. Akimaliza, mwambie palepale, na akitaka meseji zake zifutwe, zifute mbele yake. Mambo ya ugonjwa na nywila msiyaguse kabisa. Wala usimtoze mtu fedha kwa mashine ambayo haipo.

Kila jioni sahihisha karatasi. Ikipita siku nzima bila kuguswa kalamu, mkabidhi mwandishi wa programu.