SOMO: Kukazia maneno kwenye Kiingereza cha kuandika (very, really, too n.k.)

Wakuu, hili swali nimelijibu inbox mpaka nimechoka, naliweka hapa mara moja, akikuuliza mwenzio mlete huku.

Hatua ya 1: Andika sentensi bila kukazia chochote.

Hatua ya 2: Angalia neno unalotaka kulikazia. Sifa ya kawaida kama cold au tired inapokea very au really. Ile iliyokwisha fika kileleni, yani sana imo ndani yake tayari, kama freezing (baridi kali mno) au exhausted (kuchoka hoi), very haikai, weka absolutely au completely. Kitendo kinatanguliwa na really: I really like it. I very like it hakuna.

Hatua ya 3: Hapa tulieni maana ndo paliponiumiza. TOO SIO SANA. Sana yetu inabeba kila kitu, mtu anaona too na very ni mamoja, kumbe too ni imezidi mpaka imekuwa tatizo. Niliwahi kumwandikia msimamizi wangu "your comments were too helpful", namshukuru kwa moyo wote, akanijibu kwa upole akiuliza kanikwaza wapi. Nikairudia ile emaili mara nne sioni kosa. Siku hizi kabla sijatuma naitafuta kila too, najiuliza kuna kilichoharibika? Kama hakuna inatoka, inaingia very au so. "The bag is too heavy" sawa, maana halibebeki.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti. Very tatu aya moja, futa mbili.

MASWALI

– Mkuu kwa hiyo "I am too happy" ni sawa?
Rudi hatua ya 3.

– Nimepitia harakaharaka tu, nipe jibu fupi
Hapana. Sasa kaisome.

– Mi barua za kazi naandikaga "I worked hardly", nayo inakazia?
Umefanya vizuri kuuliza, inawaponza wengi. Hardly ni "karibu na hakuna", yani umewaambia kazi hukufanya. Andika I worked really hard, hard haiongezwi ly.

– Na quite? Muingereza mmoja kaniambia kazi yangu ni quite good, sijaelewa kasifia au vipi
Swali tamu hili. Kwa Waingereza mara nyingi hiyo ni "nzuri kiasi", Wamarekani wanaivuta zaidi upande wa sana. Ila ikikaa na neno la kileleni, mfano quite impossible, hapo ni kabisa.

– Naongezea, zingine zina wenza wao: strongly disagree, highly recommend, deeply sorry
Safi sana mkuu, zikaririni hivyohivyo mbilimbili, maana highly sorry haipo.